Kusoma jedwali la njia kwenye ruta ya MikroTik: pakiti inapelekwa wapi, na kwa nini haifiki

Ruta haijui intaneti. Inawajua majirani zake tu: mtandao huu uko nyuma ya poti hii, ule mkabidhi jirani yule, na usioujua kabisa mtupie huyu hapa. Orodha hiyo ndiyo jedwali la njia. Pakiti, yaani kipande cha data, ikiingia, ruta inaangalia anwani inakokwenda, inachagua mstari mmoja, inamkabidhi jirani, basi. Haifuatilii kama ilifika.

Kwa hiyo unaposoma jedwali, unasoma kile ruta inachoamini. Mara nyingi imani hiyo ni sahihi. Siku mtandao unapogoma, kazi ya fundi ni kutafuta ni wapi imani ya ruta na hali ya huko nje vimeachana. Mwongozo huu unatumia MikroTik yenye RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta hizo, kwa sababu ndizo ruta zinazokutwa sana kwa watoa huduma wadogo, hotelini na kwenye ofisi za huku kwetu. Mwishoni kuna maelezo mafupi kwa mwenye Cisco, Huawei, Linux au Windows.

Mtandao wa mfano

Tuchukue ofisi moja Kariakoo yenye mpangilio huu:

- ether1: modemu ya faiba, anwani yake 192.168.1.1. Ruta inapewa anwani kwa DHCP, yaani modemu inaigawia yenyewe.
- ether2: modemu ya 4G ya akiba, 192.168.8.1. Ruta imewekewa 192.168.8.2/24 kwa mkono.
- bridge: kompyuta na Wi-Fi za ofisini, 192.168.88.0/24.
- ether5: redio ya kwenda tawi la Mbagala. Upande wetu 172.16.5.1, upande wao 172.16.5.2.
- ether4: redio ya kwenda ghala la Kurasini. Upande wetu 172.16.6.1, wao 172.16.6.2.

Matawi yote yamepewa anwani kutoka 10.20.0.0/16. Mbagala wanatumia 10.20.1.0/24, Kurasini 10.20.30.0/24.

Kulitoa jedwali

Fungua WinBox, programu ya kompyuta ya kusimamia ruta za MikroTik, na uingie kwa anwani ya ruta. Kama anwani haikubali, nenda sehemu ya Neighbors na ubofye MAC ya ruta (anwani ya kiwandani ya kifaa) badala ya IP. Njia hiyo inakuingiza hata kama IP zimeharibika, ilimradi mko kwenye swichi moja. Kisha bofya New Terminal na uandike:

```
/ip route print
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
Flags: D - DYNAMIC; I - INACTIVE, A - ACTIVE;
c - CONNECT, s - STATIC, d - DHCP
#      DST-ADDRESS      GATEWAY      DISTANCE
  DAd  0.0.0.0/0        192.168.1.1         1
0   s  0.0.0.0/0        192.168.8.1         2
1  As  10.20.0.0/16     172.16.5.2          1
2  Is  10.20.30.0/24    172.16.6.2          1
  DAc  172.16.5.0/30    ether5              0
  DIc  172.16.6.0/30    ether4              0
  DAc  192.168.1.0/24   ether1              0
  DAc  192.168.8.0/24   ether2              0
  DAc  192.168.88.0/24  bridge              0
```

Ukiwa mzoefu, jedwali hili linakueleza kabla hujauliza: redio ya Kurasini imekufa, faiba ndiyo inayobeba intaneti, na 4G imekaa benchi. Tuone linasemaje hayo.

Herufi za mwanzo ndizo za kusoma kwanza. A maana yake njia inatumika sasa hivi. I maana yake njia imeandikwa lakini haiwezi kutumika, kwa sababu ruta haimfikii jirani aliyetajwa. Mstari usio na A wala I, kama ule namba 0, ni mzima kabisa ila kuna mwingine uliomtangulia, unasubiri zamu. Watu wengi wanauona huo wakadhani umeharibika, wanaufuta, halafu siku faiba inakatika hakuna akiba.

D ni njia iliyojiandika yenyewe, kwa hiyo huwezi kuihariri hapo. Unakwenda kwenye chanzo chake. Herufi ndogo ya mwisho inataja chanzo: c ni mtandao uliounganishwa moja kwa moja, unaotokana na anwani uliyoipa poti, s umeandikwa kwa mkono, d umeletwa na DHCP, o na OSPF, b na BGP (itifaki ambazo ruta hutumia kuambizana njia). Kwenye RouterOS 6 herufi hizo zilikuwa kubwa na zimepangwa tofauti, utaona ADC na ADS. Maana ni ile ile, ila kule njia ya DHCP huonekana kama S yenye D.

Namba ya safu ya kushoto wanayo wale tu ulioandika mwenyewe. Ukitaka kuzitumia kwenye amri, kama `/ip route disable 2`, toa `print` kwanza kila mara. Namba hubadilika ukiongeza au kufuta njia, na ukitumia namba za jana unaweza kuzima mstari usioukusudia.

Mstari upi unashinda

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, hata kwa mafundi wa siku nyingi. Ruta inachagua kwa mpangilio huu, na mpangilio haugeuzwi:

Kwanza inatafuta mistari yote hai ambayo anwani ya pakiti inaangukia ndani yake. Kati ya hiyo, inachukua ule mwembamba kuliko yote, yaani wenye namba kubwa baada ya mkwaju (alama ya /). /24 unamshinda /16, /16 unamshinda /0. Umbali, ile safu ya DISTANCE, hautazamwi kabisa hapa. Umbali unaingia pale tu mistari miwili inapotaja mtandao ule ule na mkwaju ule ule. Hapo mwenye namba ndogo ndiye anayepewa A.

Pakiti ya kwenda 10.20.30.40 inaangukia ndani ya mistari mitatu: 10.20.30.0/24, 10.20.0.0/16 na 0.0.0.0/0, ile njia kuu inayobeba kila kisichojulikana. Redio ya Kurasini ikiwa hai, inakwenda Kurasini. Ungeupa mstari wa /24 umbali 200 na wa /16 umbali 1, bado ingekwenda Kurasini. Anayeandika umbali mkubwa akitegemea kuizuia njia nyembamba isitumike anapoteza muda wake.

Umbali wa kawaida ni huu: mtandao uliounganishwa moja kwa moja 0, wa mkono 1, eBGP 20, OSPF 110, RIP 120, iBGP 200. Ndiyo maana njia uliyoiandika kwa mkono ukaisahau miaka miwili huifunika ile sahihi iliyoletwa na OSPF, nawe unabaki kushangaa kwa nini OSPF haifanyi kazi wakati inafanya.

Usipotaka kutafuta kwa macho kwenye jedwali refu, iulize ruta yenyewe:

```
/ip route print where 10.20.30.40 in dst-address
```

Itakuonyesha mistari yote inayoigusa anwani hiyo. Chagua mwenye A na mkwaju mkubwa zaidi. Huyo ndiye anayebeba.

Hesabu ya mkwaju bila kikokotoo

Namba ya mkwaju inasema ni biti ngapi kati ya 32 zinazofungwa. Kwa mikwaju kati ya /24 na /32 hesabu ni nyepesi: toa namba hiyo kwenye 32, kisha zidisha 2 kwa yenyewe mara hizo. /26 inakupa 2 mara sita, yaani 64. Kwa hiyo mitandao ya /26 inaanzia 0, 64, 128 na 192. Kifaa chenye 192.168.10.77/26 kiko kwenye kundi la 64 mpaka 127. Anwani ya 64 ni jina la mtandao, 127 ni ya tangazo kwa wote, na za kuwapa vifaa ni 65 mpaka 126. /30 ina anwani nne, mbili tu za kutumia, ndiyo maana inapendwa kwenye redio za pande mbili.

Hesabu hii ina faida ya haraka. Ukiona mstari namba 2 una I, angalia kama lango lililotajwa (jirani aliye kwenye safu ya GATEWAY), 172.16.6.2, linaangukia ndani ya mtandao wowote wenye herufi c ulio hai. Kama haliangukii, njia hiyo haitaamka hata uwashe upya ruta mara kumi.

Sababu za kukosa A, kwa mpangilio wa kuzipata

Anza na waya. `/interface print` inatakiwa ionyeshe R mbele ya poti. Hakuna R, hakuna umeme upande wa pili, waya umechomoka, au kichwa cha RJ45 kimelegea. Kwenye mfano wetu 172.16.6.0/30 una DIc, kwa hiyo ether4 yenyewe iko chini. Kwenye redio za juu ya paa, kagua kwanza kile kisanduku kinachopeleka umeme kupitia waya wa mtandao kabla hujapanda ngazi.

Poti iko hai lakini njia bado ina I? Toa `/ip address print`. Kosa maarufu kuliko yote kwenye MikroTik ni kuandika anwani bila mkwaju. Ukiandika 192.168.88.1 peke yake, ruta inaichukua kama /32, mtandao wa kifaa kimoja. Kwenye jedwali utaona 192.168.88.1/32 pahali palipotakiwa kuwa 192.168.88.0/24, na kompyuta zote za ofisini zitakuwa kama ziko sayari nyingine. Rekebisha anwani, jedwali litajinyoosha lenyewe.

Njia ina A lakini lango halijibu? Angalia `/ip arp print`, orodha ya ARP inayoonyesha IP ipi ni ya MAC ipi. Lango linatakiwa kuonekana hapo likiwa na MAC yake. Halipo, basi kifaa cha upande wa pili kimezimwa, au kina anwani nyingine, au mko kwenye VLAN tofauti (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja).

Jambo la mwisho la kuangalia ni lango lililoandikwa kama jina la poti, mfano `gateway=ether1`. Kwa PPPoE, muunganisho wa moja kwa moja na mtoa huduma, ni sawa, pale upande wa pili kuna mtu mmoja tu. Kwa poti ya kawaida ya waya, ruta itaanza kumtafuta kwa ARP kila mtu duniani kana kwamba wote wako kwenye swichi yako. Kuna mitandao ambapo inafanya kazi kwa bahati, kwa sababu kifaa cha mtoa huduma kinajibu kwa niaba ya wengine. Andika IP ya lango, uepukane na bahati.

Faiba imekatika, ruta haina habari

Hali hii inaumiza ofisi nyingi zenye laini mbili. Mistari ya 0.0.0.0/0 ipo miwili, wa faiba umbali 1, wa 4G umbali 2. Ukichomoa waya wa ether1, 4G inashika mara moja, na fundi anasema kazi imekwisha. Wiki ijayo kijiko cha barabarani kinakata faiba mtaa wa tatu. Modemu ya faiba bado inawaka, 192.168.1.1 bado inajibu, mstari bado una A, na ofisi nzima haina intaneti huku 4G imekaa tu.

Kuongeza `check-gateway=ping` kwenye mstari wa faiba hakusaidii peke yake. Ruta itapiga ping kwa lango kila sekunde 10, na majibu mawili yakikosekana mfululizo italihesabu limekufa. Lakini lango ni modemu iliyo mezani kwako. Itajibu mpaka umeme wa TANESCO ukatike.

Dawa ni kuifanya ruta ipime anwani ya mbali kupitia kila laini. Washa kwanza Safe Mode, kitufe kiko juu kushoto ndani ya WinBox, au bonyeza Ctrl+X ndani ya terminal. Ukikosea ukajifungia nje, mabadiliko yote yatarudishwa yenyewe baada ya mawasiliano kukatika. Anayefanya kazi hii kwa mbali bila Safe Mode anajitafutia nauli.

Hatua ya kwanza, sogeza njia za zamani nyuma bila kuzifuta:

```
/ip dhcp-client set [find interface=ether1] default-route-distance=10
/ip route print
/ip route set 0 distance=11
```

Hakikisha namba 0 kwako ndiyo kweli njia ya 4G. Kama umbali wa DHCP haukubadilika kwenye jedwali, toa `/ip dhcp-client renew [find interface=ether1]`.

Hatua ya pili, ifunge kila anwani ya kupimia kwenye laini yake:

```
/ip route add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
/ip route add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.8.1 scope=10
```

Hatua ya tatu, andika njia kuu mpya, lango lake likiwa anwani ya kupimia:

```
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping
```

Ruta haina jirani anayeitwa 1.1.1.1, kwa hiyo inarudi jedwalini kuuliza 1.1.1.1 anapatikana kwa nani, inapata 192.168.1.1, na huko ndiko inakozipeleka pakiti. Namba za scope ndizo zinazoruhusu kuuliza huko: `target-scope` ya njia kuu lazima izidi `scope` ya njia inayoijibu. Ukiiacha 11 ikawa 10 kwenye RouterOS 7, mstari utabaki na I na hutaona kosa lolote limeandikwa popote. Kwenye RouterOS 6 ilikuwa 10 inatosha, ndiyo maana maelekezo ya zamani yanagoma kwenye ruta mpya.

Hatua ya nne, jaribu kama mtu anayetaka kuvunja. Usichomoe waya wa ether1; chomoa uzi wa faiba nyuma ya modemu, modemu ibaki inawaka. Subiri kama sekunde 20 hadi 30, toa `/ip route print`, na A inatakiwa kuwa imehamia kwenye mstari wa 9.9.9.9. Ikikubali, zima Safe Mode kwa Ctrl+X ili mabadiliko yabaki.

Kuna mitego mitatu hapa. Anwani ya kupimia imefungwa kwenye laini moja tu, kwa hiyo faiba ikifa, 1.1.1.1 haipatikani kwa mtu yeyote ofisini. Kama DHCP yako inawapa watu 1.1.1.1 kama DNS, intaneti itakuwepo lakini kurasa hazitafunguka. Wape DNS nyingine.

Pili, ether2 lazima iwe kwenye orodha ya WAN, kwa kuwa mpangilio wa kiwandani unabadilisha anwani za ndani kwa poti za orodha hiyo tu. Kagua na `/interface list member print`; haipo, iongeze:

```
/interface list member add list=WAN interface=ether2
```

Dalili ya kuisahau inajulikana: ping kutoka kwenye ruta yenyewe inakubali kupitia 4G, kompyuta hakuna hata moja inayopata kitu.

Tatu, mazungumzo yaliyokuwa yamefunguliwa kupitia faiba yanabaki yameshikiliwa na anwani ya faiba. Simu za mezani zinazopita kwenye intaneti ndizo zinazokwama zaidi, kwa kuwa zinaendelea kutuma bila kukata. Zifute kwenye `/ip firewall connection` au uwashe upya simu.

Kwenda kupo, kurudi hakuna

Kila safari ya pakiti ni safari mbili, na jedwali lako linahusika na moja tu. Ya kurudi inaamuliwa na jedwali la mwenzako.

Mbagala wamevuta laini yao ya intaneti. Fundi wao akabadilisha 0.0.0.0/0 iende kwenye modemu mpya. Zamani ilikuwa inakuja kwetu, 172.16.5.1. Kuanzia hapo, kompyuta za Kariakoo haziipati seva ya Mbagala 10.20.1.5. Unaingia kwenye ruta ya Kariakoo, unapiga ping 10.20.1.5, inajibu. Unamwambia mteja mtandao ni mzima. Mteja anakuonyesha kompyuta yake, haijibu. Wote mko sahihi.

Ruta inapopiga ping yenyewe, inatumia anwani ya poti inayotokea, 172.16.5.1. Mbagala wanaijua hiyo, ni jirani yao wa moja kwa moja. Kompyuta inapopiga, inatoka na 192.168.88.50, na Mbagala hawana mstari wa 192.168.88.0/24. Jibu linafuata njia kuu mpya, linatupwa kwenye modemu yao, linapotelea huko. Ilazimishe ruta ipige kwa sura ya kompyuta:

```
/ping 10.20.1.5 src-address=192.168.88.1 count=5
```

Ikikataa hii na ile ya kawaida ikakubali, tatizo ni la kurudi. Kwenye ruta ya Mbagala:

```
/ip route add dst-address=192.168.88.0/24 gateway=172.16.5.1
```

Hicho kipimo cha `src-address` kifanye mazoea kila unapounganisha ofisi mbili. Kama kipimo kimekubali na kompyuta bado inakataa, angalia fayawoli ya seva. Windows mara nyingi haijibu ping zinazotoka nje ya mtandao wake.

Pakiti zinazozunguka

Rudi kwenye jedwali letu la mwanzo, pale redio ya Kurasini ilipokuwa imekufa, na tuseme Mbagala bado wanatutegemea kwa njia kuu. Mstari wa 10.20.30.0/24 una I, kwa hiyo haumo kwenye mashindano. Pakiti ya 10.20.30.40 sasa inaangukia kwenye 10.20.0.0/16 na kupelekwa Mbagala. Mbagala wana 10.20.1.0/24 tu, hawaijui 10.20.30.40, wanairudisha kwetu kwa njia kuu. Sisi tunawarudishia. Hivyo hivyo mpaka TTL iishe, ile hesabu ya pakiti inayopungua kila inapopita ruta. Traceroute, kipimo kinachotaja kila ruta pakiti inayopitia, kutoka kwenye kompyuta inakuwa hivi:

```
1  192.168.88.1
2  172.16.5.2
3  192.168.88.1
4  172.16.5.2
5  192.168.88.1
```

Kompyuta ya Windows inaanza na TTL 128, kwa hiyo pakiti moja tu inaweza kuipita redio ya Mbagala zaidi ya mara mia. Kompyuta chache zinazoitafuta seva ya Kurasini zinatosha kuifanya redio ya Mbagala, isiyo na kosa lolote, ionekane imejaa. Utaletewa malalamiko ya Mbagala wakati ugonjwa uko Kurasini.

Kinga yake ni shimo. Kwenye ruta ya Mbagala andika:

```
/ip route add dst-address=10.20.0.0/16 blackhole
```

Mtandao wao wa 10.20.1.0/24 ni mwembamba zaidi kwa hiyo unaendelea kushinda; chochote kingine cha 10.20 kinatupwa hapo hapo badala ya kurudishwa. Kwenye RouterOS 6 ungeandika `type=blackhole`. Angalizo: kama Mbagala nao wanaifikia Kurasini kupitia kwetu, waandikie mstari wa 10.20.30.0/24 kuelekea 172.16.5.1, na hapo ongeza shimo lile lile kwetu kwa 10.20.30.0/24 lenye umbali 250, liamke tu redio ya Kurasini ikifa. Bila hivyo mzunguko utarudi kwa mlango wa nyuma.

Jedwali liko sawa, trafiki inakwenda kwingine

Kuna ruta zenye zaidi ya jedwali moja. Mtu alitaka Wi-Fi ya wageni itumie 4G peke yake, akatengeneza jedwali la pili na kanuni za kuzitia pakiti alama. Toa hizi tatu:

```
/routing table print
/routing rule print
/ip firewall mangle print
```

Ukikuta jedwali lingine zaidi ya `main`, pakiti zenye alama zinasoma huko. Toa `/ip route print detail` uone `routing-table` ya kila mstari. Kosa la kawaida ni jedwali la pili kuwa na njia kuu tu, bila mitandao ya ndani. Wageni wanapata intaneti ila printa iliyo hatua tatu kutoka kwao hawaioni. Pia, kwenye RouterOS 7 jedwali jipya lazima litengenezwe na neno `fib`, vinginevyo limeandikwa tu na halipitishi kitu.

Ukiona alama ya + mbele ya njia kuu mbili, zina umbali sawa na ruta inagawa mazungumzo kati ya laini zote mbili. Kwa kupakua mafaili hakuna shida. Kwa tovuti za benki, zinazokuona unakuja na anwani mbili tofauti, watu watatolewa katikati ya malipo.

Kwa mwenye vifaa vingine

Cisco ni `show ip route`. Mabano ya mraba yana namba mbili, mfano [110/2]: ya kwanza ni umbali, ya pili ni gharama ndani ya itifaki yenyewe. S* ni njia kuu ya mkono, L ni anwani ya ruta yenyewe. Tofauti ya kukumbuka: Cisco inakuonyesha washindi tu. Njia ya akiba yenye umbali mkubwa haionekani kabisa mpaka ile ya kwanza ife, kwa hiyo itafute kwenye `show running-config`.

Huawei ni `display ip routing-table`. Safu ya Pre ndiyo umbali, na namba zake ni zake: njia ya mkono 60, OSPF 10. Ukihamia huko kutoka MikroTik au Cisco, OSPF itaipiku njia yako ya mkono, kinyume na ulivyozoea.

Linux, pamoja na OpenWrt, ni `ip route`, na `ip route get 10.20.30.40` inakupa mstari mmoja uliochaguliwa bila kubishana. Windows ni `route print -4`. Laptopu iliyoshikilia waya na Wi-Fi kwa pamoja ina njia kuu mbili, na inayotumika ni ile yenye metric ndogo. Ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, usifungue ruta bado: haijapata anwani ya DHCP, na swali la njia halijafika.

Nakala ya siku njema

Mtandao ukiwa mzima, toa nakala ya jedwali na ya mpangilio wote:

```
/ip route print file=njia-nzima
/export file=mpangilio
```

Mafaili yatakuwa kwenye Files ndani ya WinBox, yaburute uyaweke kwenye kompyuta yako. Yakibaki ndani ya ruta, siku ruta inaungua na radi yanaondoka nayo. Faili la njia lipe jina lenye tarehe, na litoe upya kila unapoongeza tawi au kubadilisha mtoa huduma. Siku ya hitilafu, weka la zamani na la sasa kando kwa kando kabla hujabadilisha chochote, na uanze na mstari ambao herufi zake hazifanani.